65, 50, 30: Joto na Pombe ya Nyumbani Katika Bonde la Kilombero

   Hapa Mlabani, Ifakara, naona wapikaji, naona wanywaji, na naona ndugu zangu wasiogusa kileo, ama kwa dini ama kwa hiari yao. Hao wa mwisho nawaomba wasitoke. Sehemu kubwa ya nitakayoyasema inahusu togwa isiyolevya sawasawa na inavyohusu pombe ya komoni, kwa sababu hadi hatua fulani njia ni moja.

Mada niliyopewa ni kudhibiti joto la pombe inayochachuka nyumbani. Imetokana na swali la kijana mmoja wa hapa aliyepata vitabu vya Ulaya na Marekani vya watu wanaojipikia bia majumbani. Vitabu hivyo vinamtaka achachushe bia za kawaida kwa nyuzi 18 hadi 22, na zile za jamii ya lager kwa nyuzi 8 hadi 14. Wenye vitabu wana jokofu la ziada kwa kazi hiyo tu, limefungwa kidude kinachowasha na kuzima umeme chenyewe. Kijana akatazama kipimajoto chake mchana wa Novemba, kivulini, akaona kimevuka 30. Akaniuliza kama Ifakara tumelaaniwa.

Hatujalaaniwa. Kijana ameuliza swali la nchi nyingine. Bonde hili halikosi pombe nzuri kwa ajili ya joto. Linakosa pombe ya kutegemewa, ya leo ikafanana na ya juma lililopita, na sababu yake ni kwamba joto tunalo tele lakini hatulipimi. Mpikaji akipata pipa zuri anasema mkono wake leo ulikuwa mwepesi. Likiharibika anasema kuna mtu amelitazama vibaya. Kati ya mkono mwepesi na jicho baya kuna nyuzi kumi au kumi na tano za joto, na hizo ndizo nimekuja kuzizungumza.

Kwanza tuwatendee haki wenye vitabu, maana baridi yao ina asili yake. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, Albrecht wa Tano, alipiga marufuku upishi wa bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba ya kila mwaka. Ndiyo miezi yao ya joto, na bia ya miezi hiyo ilikuwa ikichacha. Wapikaji wakabaki na majira ya baridi, wakaitunza bia kwenye mahandaki. Katika ubaridi huo ikastawi chachu ya pekee, iitwayo na wataalamu Saccharomyces pastorianus. Ni chotara: mzazi mmoja ni chachu ileile tunayoinunua dukani kwa jina la hamira, na mzazi wa pili ni chachu ya porini inayopenda baridi, ambayo ilikuja kutambuliwa mwaka 2011 katika misitu ya Patagonia, Amerika Kusini. Miaka ya 1870 Carl von Linde akaunda mashine za kupoza, na viwanda vya bia vya Munich vikawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, akafaulu kuotesha chachu ya bia kutoka chembe moja tu. Mashine na chachu safi zikishapatikana, baridi ya Bavaria iliweza kupakiwa melini. Nairobi ikapata kiwanda chake mwaka 1922, Dar es Salaam miaka ya 1930. Safari na Kilimanjaro mnazozijua ni za ukoo huo. Zinataka baridi kwa sababu chachu yake ilizaliwa kwenye baridi.

Lakini hata Ulaya si wote waliofuata njia hiyo. Magharibi ya Norwei, sehemu za Voss na kandokando yake, wakulima walirithishana chachu yao wenyewe, kveik, wakiikausha juu ya kitambaa au kwenye pete za mbao na kuitia katika bia ikiwa na nyuzi 35 hadi 40. Zingatieni: nchi ya theluji, na watu wanachachusha kwa joto linaloshinda mchana wetu wa Desemba. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi wa chachu hizo, wakakuta ni kundi lake peke yake ndani ya jamii ya hamira, limezoezwa joto na vizazi vya wapikaji. Bia yake hainuki vibaya. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema nyuzi 30 zinaharibu bia, muulize: bia ya chachu gani?

Sasa turudi kwetu. Chachu yetu hatuinunui, inakuja na kimea, na mwiko, na chungu, na machicha ya jana. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapo Morogoro, kimeifanyia kazi. J. K. Mugula na wenzake walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa togwa, wakaonyesha kwamba ndani yake kuna bakteria wa asidi ya maziwa wa aina kadhaa, wakiwamo Lactobacillus plantarum na Weissella confusa, pamoja na chachu, mojawapo ikiwa Saccharomyces cerevisiae, yaani hamira. Wote hao wako kazini katika joto la kawaida la nyumba zetu, bila jokofu.

Tatizo ni kwamba hawafanyi kazi pamoja kwa amani. Kila mmoja ana joto lake, kama zamu za kiwanda cha sukari kule Kidatu: wa usiku wakiingia, wa mchana wametoka. Mpikaji asiyejua joto la pipa lake hajui ni zamu ya nani. Zamu zenyewe ni tatu, na namba zake ndizo nilizoziweka kwenye kichwa cha mhadhara huu. Kwenye 65 mnapata utamu. Kwenye 50 mnapata uchachu. Kwenye 30 mnapata ukali.

Nianze na 65, na hapa nitakaa, maana ndipo pombe nyingi inapopotea kabla haijawa pombe.

Wanga wa nafaka haulevyi mtu wala hauchachuki kirahisi. Lazima uvunjwe uwe sukari, na wanaouvunja ni vimeng'enya vinavyozaliwa ndani ya punje inapoota. Ndiyo kazi ya kimea. Mnajua wenyewe: ulezi unaloweka, unauopoa, unaufunika kwenye gunia siku mbili tatu hadi utoe vimizizi, unauanika, unausaga. Katika siku za gunia punje zinapumua na rundo linapata joto lake lenyewe. Tia mkono katikati ya rundo nene na utalisikia. Likiachwa bila kugeuzwa, katikati kunaungua na kuota ukungu, pembeni hakujaota. Ligeuzeni asubuhi na jioni, lisiwe nene kupita kiganja. Kukausha ni kwa jua. Anayekaanga kimea ili kiwe na rangi nzuri amepata rangi, lakini vimeng'enya amevichoma. Na anayetumia kimea cha mtama badala ya ulezi ayapukute machipukizi yote kikishakauka, kwa kuwa chipukizi la mtama lina sumu ya sianidi.

Wapikaji wa Ulaya hutumia shayiri. Wanga wa shayiri hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, joto ambalo vimeng'enya vyake bado vinalivumilia, kwa hiyo Mzungu anaweza kuchanganya maji moto na kimea kwa mara moja akamaliza. Mahindi, mtama na ulezi havikubali hivyo. Wanga wake unataka joto kubwa zaidi ili ulainike, na kwenye joto hilo vimeng'enya vinaanza kufa. Ukichanganya vyote pamoja utapata mojawapo ya hasara mbili: wanga mbichi, au kimea kilichokufa. Bibi zetu walilitatua jambo hili bila kuwa na kipimajoto. Walipika uji wa mahindi peke yake hadi uive kabisa, wakausubiri upoe, ndipo wakatia kimea. Huo ni uhandisi, na ningependa tuuite hivyo.

Swali ni moja: upoe hadi wapi? Kimea kikitiwa kwenye uji uliotoka kuchemka, vimeng'enya vinakufa papo hapo. Uji unabaki mzito, mtamu kidogo sana, na mwisho wake ni pombe nyepesi yenye machicha mengi. Kikitiwa uji ukiwa umepoa hadi 40, vimeng'enya vinafanya kazi kwa uvivu, na bakteria wanawahi kula kabla sukari haijatosha. Pazuri ni karibu na 65. Hapo, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, mtaona kitu kinachofurahisha macho: uji mzito uliokuwa ukisimamisha mwiko unalegea wenyewe, unakuwa mwepesi, unang'aa, na ukionja umekuwa mtamu bila kuongezwa chochote. Akina mama wenye watoto wadogo, jambo hilihili ndilo lililowafanya A. C. Mosha na Ulf Svanberg waandike mwaka 1983 kuhusu uji wa kulikiza uliolegezwa kwa unga wa kimea hapa Tanzania: mtoto anapata unga mwingi ndani ya kikombe kilekile, na uji bado unanyweka.

Asiye na kipimajoto atafikaje 65? Wapo wanaotumia kidole. Kidole kinasaidia kwa chini: kwenye 37 husikii moto wala baridi, kwenye 45 unavumilia. Kwenye 65 kidole kinatoka kabla hujahesabu moja, na hivyo hivyo kwenye 80, kwa hiyo hakiwezi kukutofautishia. Njia bora ni hesabu. Maji ya kisima au ya bomba hapa Ifakara huwa na nyuzi kama 28. Ukichukua ndoo moja ya uji unaochemka, uliopikwa mzito makusudi, ukachanganya na ndoo moja ya maji hayo, unapata karibu 64, punguza nyuzi mbili tatu zinazomezwa na chombo. Nusu kwa nusu, basi, uji ukizidi maji kidogo kufidia hizo zilizomezwa. Ukishafika hapo na kimea chako kimeingia, funika, na usiruhusu joto litoroke kabla ya saa moja kupita.

Kulizuia joto lisitoroke ni jambo ambalo sisi watu wa mpunga tuna utajiri wake na tunauchoma moto. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuna kilima cha pumba. Pumba za mpunga hupitisha joto polepole sana. Chukueni boksi kubwa au tenga lililozungushiwa gunia, mjaze pumba kavu, mtengeneze shimo katikati la kuingia ndoo yenye kifuniko, na juu mfunike kwa mto wa pumba. Ndoo iliyoingia ikiwa 64 itapoteza nyuzi chache tu kwa saa hiyo moja. Hakuna kuni za kuongeza.

Kuna faida nyingine ya kukaa kwenye 63 hadi 65 kwa nusu saa. Hilo ndilo joto na ndio muda ambao maziwa hupewa kuua vijidudu vya magonjwa katika njia ile ya polepole. Maji mliyoongeza bila kuchemsha, yakifika hapo na kukaa nusu saa kamili, yamesafishwa vizuri.

Sasa 50. Hapa patakuwa pafupi. Kati ya nyuzi 48 na 50 wapo bakteria wa asidi ya maziwa wanaostawi kwa raha huku wengine wengi wakishindwa. Viwanda vya bia ya mtama vya Afrika Kusini vinalitumia hilo kwa makusudi: sehemu ya uji huwekwa kwenye joto hilo kwa saa nane hadi kumi na sita hadi ichachuke sawasawa, kisha ndiyo iendelee na hatua nyingine. Nasi hupita hapo bila kukusudia, uji unapopoa taratibu usiku. Ndoo ndogo inapita haraka, kwa hiyo pombe yake ina uchachu mdogo. Pipa la lita 200 linapita kwa saa nyingi, linachachuka zaidi. Mpikaji aliyezoea ndoo akinunua pipa anashangaa ladha imebadilika, na wateja wananung'unika. Mapishi hayakubadilika. Kilichobadilika ni muda wa kupita kwenye 50. Anayetaka togwa chachu aikalie. Anayetaka tamu aivuke upesi, kwa kuigawa kwenye vyombo vidogo au kuisimamisha ndoo ndani ya karai la maji.

Uchachu huo msiudharau. Asidi ikishakuwa nyingi, vijidudu vingi vya kuhara haviwezi kuishi humo. Rose Kingamkono na wenzake waliyachunguza hayo kwa togwa na watoto wa Tanzania, wakaona tofauti ya kweli. Lakini asidi hiyohiyo inakula chuma. Kusini mwa Afrika madaktari walikuta watu wazima wenye chuma kilichojazana kwenye maini kutokana na pombe ya kienyeji iliyochachushwa kwenye vyombo vya chuma. Kwa hiyo pipa la bati lipikie, lakini kuchachushia tumieni chungu, au ndoo ya plastiki ya chakula. Na pipa lililowahi kubeba dawa ya shamba au mafuta ya mashine lisikanyage jikoni hata liwe limeoshwa mara mia.

Tuje 30, zamu ya ukali, ambayo ndiyo kijana aliiulizia.

Chachu yetu, na hamira ya dukani pia, inastawi kati ya 28 na 35. Ikivuka 40 inahangaika, na ikifika 50 na zaidi inakufa. Kwa hiyo machicha ya jana, au kimea kile cha pili kinachotiwa mwisho kuwa mbegu ya chachu, yasiingie kamwe kabla uji haujashuka chini ya 35. Hapa maji ya baridi hayatawasaidia tena. Kwa maji ya nyuzi 28 huwezi kushusha uji hadi 30 bila kuuzamisha wote, utabaki na maji yenye rangi. Hapa dawa ni usiku. Pikeni alasiri, tieni kimea cha kwanza magharibi, saa ile moja ikipita acheni wazi kwa hewa chini ya kitambaa safi, asubuhi na mapema ndiyo mtie mbegu.

Jambo ambalo wapikaji wengi hawalijui ni kwamba pombe inayochachuka inajipasha yenyewe. Chachu inapokula sukari inatoa kileo, inatoa hewa ukaa, na inatoa joto. Pombe yenye gramu 100 za sukari katika kila lita, sukari yote ikiliwa na joto lisipate pa kutokea, ingepanda nyuzi kama 13. Kwa kweli joto hutoka, lakini hutoka kwa kuta za chombo. Kila lita iliyo ndani ya ndoo ya lita 20 ina eneo la kutolea joto maradufu ya lita iliyo ndani ya pipa la 200. Pipa lililoanza 32 mchana wa Desemba linaweza kuvuka 38 pale kati bila mtu kujua, kwa sababu ukuta wake ukiugusa ni vuguvugu tu. Huko ndani chachu imechoka, inatoa kileo kizito na harufu kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Mteja akinusa anasema mmeongeza kitu. Hamjaongeza kitu. Pipa limejipika.

Basi miezi ya joto gawanyeni. Ndoo kumi zinawashinda kwa usumbufu, najua, kuosha ni kuosha, lakini ndoo kumi zitafanana zenyewe kwa zenyewe, pipa halitabiriki. Ziwekwe chini sakafuni, upande wa nyumba usiopigwa na jua la jioni, zisigusane. Na lile boksi la pumba lisitumike hapa kabisa, kwa sababu linalotunza joto la 64 litatunza pia joto la chachu na kuichoma. Boksi lirudi Juni na Julai usiku, ubaridi unaposhuka kutoka Udzungwa na pombe kulala badala ya kuchemka. Mpikaji anayetumia mbinu moja mwaka mzima anapika kwa bahati.

Watu wanapenda kuniuliza juu ya gunia lililolowa. Linafanya kazi, lakini halifanyi sawa kila mahali. Maji yanapovukiza yanachukua joto, na yanavukiza vizuri hewa ikiwa kavu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 50 inaweza kushusha kitambaa kilicholowa hadi karibu na 22. Hewa ya nyuzi hizohizo yenye unyevu wa asilimia 85 haikishushi chini ya 28. Sasa nyinyi mnaijua masika ya Kilombero, nguo inakaa kambani siku mbili. Gunia la Machi ni mapambo. Gunia la Septemba, likiwekwa panapopita upepo na likinyweshwa kila baada ya saa chache, ni jokofu la kutosha kwa chachu yetu. Ndugu zetu wa Dodoma wanaopata ukavu mwaka karibu mzima wana bahati zaidi kwa hili.

Niseme kidogo kuhusu ile hewa ukaa, kwa kuwa tuko Ifakara na hapa huwezi kutoa mhadhara wowote bila mbu kuingia. Mbu anamtafuta mtu kwa kufuata hewa ukaa anayoitoa puani. Mwaka 2010 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, na wenzao wa Kenya walionyesha kwamba hamira iliyotiwa kwenye sukari inatoa hewa hiyo ya kutosha kumvuta mbu wa malaria hadi kwenye mtego. Mwaka huohuo, Burkina Faso, Thierry Lefèvre na wenzake walichapisha kwamba watu waliokunywa dolo, pombe yao ya mtama, waliwavutia mbu hao zaidi kuliko walipokuwa hawajanywa. Kwa hiyo kulala chumba kimoja na ndoo zinazochachuka si busara, na anayetoka kilabuni alale ndani ya chandarua kama ilivyo desturi, ikiwezekana zaidi ya desturi.

Nimefika kwenye jambo ambalo joto haliliponyi, na hapa nawaomba wote tusikilizane.

Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe msibani. Waliokufa ni 75, na waliougua walipita 200. Uvumi wa kwanza ulisema pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Hapa kwetu, mto tulionao na mamba tulionao, uvumi kama huo ungeaminiwa kabla ya jua kuchwa. Maabara ikakuta kitu kingine: bakteria aitwaye Burkholderia gladioli alikuwa amestawi katika unga wa mahindi ulioharibika, akaacha humo sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Haifi kwa uchachu wala kwa kileo. Haina ladha ya kumtahadharisha mnywaji. Mama aliyepika pombe ile alikufa pamoja na wateja wake.

Bonde letu hufurika. Kila baada ya mafuriko kuna magunia ya mahindi yaliyoloa, na kuna mtu mwenye huruma ya kutotupa chakula ambaye anasema: haya hayafai ugali, yapelekwe kwenye pombe. Nimeyasikia maneno hayo miaka yote, yakisemwa na watu wema. Hayo ndiyo maneno ya hatari kuliko yote yaliyomo katika upishi wetu. Mahindi yasiyofaa ugali hayafai pombe. Yana ukungu wa sumukuvu, na yanaweza kuwa na yale ya Chitima. Hata kuku wasipewe.

Mwisho ni kifaa chenyewe. Kipimajoto cha homa hakifai: kinaishia 42, na cha kioo ukikitia kwenye uji wa 65 kinapasuka na zebaki yake ni sumu. Tafuteni cha jikoni au cha maabara, kinachofika 100 au 110, cha pombe nyekundu au cha betri. Kabla hamjakiamini, kipimeni kwa maji yanayochemka kwa nguvu. Kwa mwinuko wa Ifakara kinapaswa kusoma 99 hivi. Kikisoma 95, basi kila mara ongezeni nne mkifika huko juu, na mkipata barafu kwa muuza samaki kijaribuni pia kwenye sifuri. Kinachotakiwa kupimwa ni katikati ya chombo, baada ya kukoroga. Pembeni na juu kabisa kutawadanganya.

Wapikaji wa kundi moja wanaweza kuchanga wakanunua kimoja. Nawaomba mfanye hivyo kabla ya mavuno haya kuisha, na pembeni yake mweke daftari. Kila pombe iandikiwe tarehe, joto la uji kimea kilipoingia, joto la ndoo mbegu ilipoingia, na joto la ndoo kesho yake saa nane mchana. Halafu neno moja la mteja: tamu, chachu, kali, au mbaya. Mkinikuta tena baada ya masika, njooni na madaftari hayo, tuyasome pamoja.

 Waliokuja na maswali kuhusu pombe za kangara na ulanzi wasogee mbele, tuanze nao.